Bitana ya dohani: kuteremsha bomba la jiko la kuni katika nyumba ya mawe, Malindi

Swali: Shikamoo, fundi. Mimi na mume wangu tumepanga nyumba ya mawe hapa Malindi, upande wa Casuarina, iliyojengwa zamani na Mtaliano. Jikoni kuna meko ya wazi yenye dohani ya mawe, ndani ni futi moja kwa futi moja, na kutoka sakafuni hadi juu ni kama mita 6. Inapita kwenye dari ya zege, halafu chumba cha juu, kisha inatokea darini ambako mwenye nyumba amejenga banda la makuti. Tumepata jiko la chuma la kuni lenye oveni, la mitumba, mdomo wake wa moshi ni inchi 6. Nataka nioke boflo na mkate wa sinia wa kuuza. Tulipolijaribu, moshi ulirudi ndani, na baada ya wiki mbili ukuta wa chumba cha juu umetoka doa la kahawia lenye harufu kali. Fundi mmoja anasema tuteremshe bomba la mabati la inchi 4. Mwingine anasema tupige plasta ya saruji kwa ndani. Nimesikia Ulaya wanateremsha bomba la chuma kisichoshika kutu. Je, mume wangu na kaka yangu wanaweza kuifanya kazi hiyo wenyewe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya bomba na kabla ya fundi, niulize: nani analala chumba hicho cha juu? Kama ni watoto, wahamishe leo, na jiko hilo msiliwashe tena mpaka kazi iishe. Doa la kahawia maana yake dohani inavuja. Penye kupita maji ya moshi, hewa ya moshi nayo hupita, na ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kila mwaka nchini mwetu watu hulala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Gesi ni hiyo hiyo. Harufu kali unayoisikia ni ya lami ya moshi, na siku upepo ukigeuka huenda usiisikie kabisa huku gesi ipo.

Sasa nikujibu ulichouliza. Ndiyo, wanaweza. Kuteremsha bomba ndani ya dohani iliyonyooka ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili wanaosikilizana, mmoja juu na mmoja chini kwenye meko. Iko sehemu moja tu ambayo sitaki waiguse peke yao, pale dohani inapopita kwenye makuti. Nitaifikia.

Tuanze na doa, kwa kuwa ndilo linaloonyesha dohani yako inaumwa nini. Kuni ikiungua hutoa mvuke wa maji na mafuta mazito ya mti. Moshi ukiwa moto, vyote hivyo hupaa na kutoka. Ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi, yale mafuta huanza kuganda kuwa lami, ukizidi kupoa mvuke nao hugeuka maji, na vyote viwili hushuka vikiandama ukuta. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na chokaa nayo inanyonya, kwa hiyo maji yale meusi hupenya polepole hadi upande wa pili. Inayobaki ndani hukauka ikawa gamba jeusi linalong'aa, na gamba hilo ni kuni nyingine. Siku likishika moto, joto ndani ya dohani hupita nyuzi 1000.

Basi kazi yote ya dohani ni moja: kuutunza moshi uwe moto mpaka utoke nje. Kila nitakalokwambia hapa chini limetoka hapo.

Dohani yako inaupoza moshi kwa sababu ni pana mno kwa jiko hilo. Futi kwa futi ni sentimita za mraba 900. Mdomo wa inchi 6 ni kama sentimita za mraba 177. Moshi ukitoka kwenye mdomo huo ukaingia mahali palipo pakubwa mara tano, mwendo wake hupungua mara tano. Nenda kwenye mlango wa Sabaki baada ya mvua za bara uone. Mto ukija kwa kasi hubeba tope jekundu lote, lakini ukifika baharini ukatulia, tope linashuka, na ndiyo maana ufuo wetu umejaa. Moshi hufanya vivyo hivyo. Mtaliano aliyejenga meko ile hakukosea. Aliijenga kwa moto wa wazi, unaovuta hewa nyingi sana ya chumbani, na moto wa namna ile unataka njia pana. Jiko lako la chuma limefungwa, hutoa moshi kidogo, na moshi huo mdogo unapotea njiani.

Ndipo linapokuja hilo bomba la ndani. Mimi huliita bitana, kama bitana ya koti: nguo ya nje inabaki ile ile, ndani inatiwa nyingine inayomkaa mwenyewe.

Watu wengi huniambia kwamba hapa kwetu ni joto, basi moshi hautapoa. Ni kinyume, nami nataka ulielewe vizuri kwa sababu maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Dohani huvuta kwa sababu hewa ya moto ndani ni nyepesi kuliko hewa ya nje. Tofauti ikiwa kubwa, mvuto ni mkubwa. Chukua bomba la mita 5 lenye moshi wa nyuzi 200. Mahali ambako nje ni nyuzi 0, mvuto wake ni paskali 27 hivi, paskali ikiwa ndicho kipimo cha msukumo wa hewa. Kwetu, nje nyuzi 30, ni paskali 20 na kitu, yaani karibu robo imepungua. Hali mbaya zaidi ni wakati wa kuwasha. Bomba likiwa bado lina nyuzi 60, kule linavuta paskali 11, huku kwetu 5 tu. Ndiyo maana jiko lako lilikutemea moshi usoni. Kwa hiyo sisi tunahitaji bomba lililovishwa vizuri na lililo refu kuliko wanavyoandika wao, na wao wenyewe hawapendi chini ya mita 4.5 kutoka mdomo wa jiko hadi juu. Wewe ukitoa kimo cha jiko unabaki na mita 5. Inatosha kwa shida, na tukifika kwenye makuti utaona kwamba huenda ikabidi iongezwe.

Bomba la mabati la inchi 4, hapana. Inchi 4 ni sentimita za mraba 79, chini ya nusu ya mdomo wa jiko lako, na bomba halipaswi kamwe kuwa jembamba kuliko mdomo. Tena mabati yamepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, joto ambalo jiko lililopakiwa kuni nyingi linaweza kulifikia hapo mdomoni. Waulize wachomeleaji: zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke unaomtia mtu homa na baridi hadi adhani ni malaria. Na hewa yetu ya chumvi, pamoja na asidi ya moshi, italila bati hilo upesi.

Plasta ya saruji nayo hapana. Kwanza haipunguzi upana, na upana ndio ugonjwa. Pili, fikiria jiwe lililo nyuma yake. Nyumba yako ni ya matumbawe, na chokaa yetu ya zamani ilitoka wapi? Wazee walipanga magogo ya mikoko, wakaweka juu yake mawe hayo hayo ya matumbawe, wakawasha, na kilichobaki ndicho kilichojenga na kupakia kuta za Lamu na za Gedi. Jiwe hilo likipita nyuzi 800 na zaidi hugeuka chokaa, na likipata mvua baadaye hufura na kumeguka. Moshi wa kawaida haufiki huko. Huwa kati ya nyuzi 150 na 350. Lakini moto wa lami ndani ya dohani unafika na kupita, na plasta ya saruji itakuwa imeshapasuka mapema, kwa kuwa saruji na jiwe havitanuki sawa. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali mtu akujengee chumba cha moto cha tanuri kwa matumbawe matupu. Tafuta matofali ya moto.

Kwa hiyo ni bomba la stenlesi, hicho chuma kisichoshika kutu ulichokisikia, la inchi 6, yaani milimita 150. Na hapa ndipo pesa za watu wa pwani hupotea, maana stenlesi si moja. Ile ya masinki na sufuria ni ya namba 304. Wewe unataka 316L, au 904L ukiweza kuilipia. Namba 316 imetiwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayopambana na chumvi. Niliwahi kuweka bomba la 304 kwenye jiko la hoteli moja iliyo karibu na ufuo, kwa kuwa ndilo lililopatikana na mwenyewe alikuwa na haraka. Baada ya masika ya tatu nililitoa likiwa na vitundu kama chekeche, na kwa nje lilikuwa bado linang'aa. Tangu hapo siweki 304 ndani ya dohani yoyote inayosikia mawimbi. Muuzaji akikosa kukuonyesha namba iliyogongwa kwenye bomba au kwenye karatasi yake, mwachie.

Utayakuta ya aina mbili, ya kupindika na magumu. La kupindika la kuni lina ngozi mbili, na ya ndani ni laini ukipitisha kidole. Lile la ngozi moja lenye mikunjo ndani ni la majiko ya gesi. Masizi hujaa kwenye mikunjo yake. Kwa dohani iliyonyooka kama yako mimi napenda mabomba magumu ya mita moja moja, kwa kuwa ni manene na brashi inapita vizuri. Lakini kwa watu wawili wasioizoea kazi hii, la kupindika ni rahisi zaidi: ni kipande kimoja tangu juu hadi chini, hakuna viungo vya kukosea. Chukueni hilo, urefu wa dohani pamoja na nusu mita ya ziada.

Maandalizi yanakula muda kuliko uteremshaji. Piga brashi dohani mpaka mawe yaonekane, maana lami mkiiacha nyuma ya bitana itabaki kunuka na kuungoja moto. Dohani iliyokaa bila kuwashwa pwani haikosi wenyeji. Angalia nyuki kwanza, tena kwa mbali, kisha viota vya kunguru na popo. Halafu fanyeni jaribio hili ambalo halihitaji chombo chochote cha dukani: jaza mchanga kwenye gunia, lifunge liwe na unene wa sentimita 22, maana bomba litashuka likiwa limevishwa blanketi, lifunge kamba mbili, moja juu na moja chini, uliteremshe polepole. Likipita bila kukwama, bomba litapita. Likikwama, weka alama kwenye kamba, upime, ujue ni jiwe gani limetokeza. Afadhali gunia likwame kuliko bomba.

Siku yenyewe, chagueni asubuhi kabla upepo haujaamka. Anayepanda juu afungwe kamba kiunoni, na kamba ifungwe kwenye kitu kisichong'oka, si kwenye nguzo ya banda. Vaeni glavu nene. Ukingo wa bomba lililokatwa ni wembe. Ubavuni mwa bomba kuna mishale. Watengenezaji huitia kwa sababu ngozi ya ndani imepishana, na likigeuzwa, maji ya lami yanaingia kati ya ngozi mbili. Mishale ielekee juu, njia ya moshi. Ncha ya chini ivalishwe kofia ya kuburutia yenye kamba. Wa juu analisukuma kwa mikono miwili, wa chini anaivuta kamba kidogo tu, na wanasemezana kila nusu mita. Bomba lisipindwe kama nguo inayokamuliwa, maana ngozi ya ndani itafunguka na hakuna wa kuirudisha.

Kabla halijashuka, livisheni blanketi la nyuzi za kauri lenye unene wa sentimita 2 na nusu, mlifunge kwa waya wa stenlesi. Wengine humimina vamikulaiti, punje nyepesi za madini zinazozuia joto, kujaza nafasi yote. Ni kitu kizuri. Mafundi wetu wa jiko la kauri wanaijua, ndiyo wanayoichanganya na saruji kushikisha kauri kwenye bati. Lakini nafasi yako itakula lita 350 na zaidi, ukuta wa matumbawe unaonyonya unyevu utailowanisha, na siku mtakapohama nani ataitoa? Blanketi linatosha. Mkilikata vaeni barakoa na mikono mirefu, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Juu, bomba linashikwa na klempu iliyokaa kwenye bamba la stenlesi linalofunika mdomo wa dohani. Chini linaingia kwenye kiunganishi, nacho kinaingia kwenye mdomo wa jiko, na kiungo kinazibwa kwa kamba ya nyuzi za kioo na simenti ya moto. Msilijengee kwa saruji juu na chini kwa pamoja. Bomba la mita 5 likipanda nyuzi 300 hurefuka kwa milimita 24, na lisipopata pa kwenda litajikunja au litaiinua ile bamba. Kisha uwazi wa meko kuzunguka bomba uzibwe kwa bamba la chuma. Bila hilo, hewa ya jikoni itapanda kati ya bitana na mawe na kulipoza bomba lote mchana kutwa. Acheni kidirisha kidogo cha kufungua, cha kutolea masizi.

Sasa makuti.

Kuti lililokaa miaka miwili juani, kipindi cha kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, halihitaji mwali. Linahitaji cheche moja na upepo, na upepo wa kaskazi haukosekani. Umeshaona banda la makuti likiungua; hapana muda wa kuteremsha ngazi. Kwa hiyo naomba mume wako apande na futi kamba apime vitu vitatu: umbali kutoka ukuta wa dohani hadi kuti lililo karibu, urefu kutoka mdomo wa dohani hadi kilele cha banda, na kama nguzo au pao lolote la banda limegusa au limejengewa ndani ya dohani.

La tatu ndilo watu hulisahau. Mti unaopashwa joto mwaka baada ya mwaka, hata joto ambalo mkono unalivumilia, hukauka hadi kiini na mwishowe hushika moto kwa joto dogo kuliko mti wa kawaida. Bomba tupu la ngozi moja huachwa mara tatu ya upana wake kutoka kitu chochote kinachoungua, kwa lako ni sentimita 45. Wewe una ukuta wa jiwe katikati, na blanketi, hivyo joto litakuwa dogo, lakini mti uliojengewa ndani ya jiwe la dohani lazima utolewe na tundu lake lizibwe.

Kuhusu urefu, Waingereza, ambao wanazo nyumba za nyasi mpaka leo, wanataka mdomo wa dohani upande angalau mita 1.8 juu ya ezeko. Nyasi zao zimesukwa nene na zimeshiba mvua. Makuti yetu ni membamba, yameachana, na upepo unapita katikati. Mimi sikubali chini ya mita 2 juu ya kilele, na makuti yarudishwe mita 2 kila upande wa dohani, nafasi hiyo iezekwe vigae au iachwe wazi. Kama banda limeizunguka dohani na kilele chake kiko juu ya mdomo wa dohani, basi jibu langu ni kwamba jiko hilo lisiwashwe chini ya banda hilo hata kidogo. Ama banda livunjwe upande huo, ama jiko lihamie kwenye jiko la uani lenye paa la mabati. Najua mwenye nyumba analipenda banda lake. Zungumza naye kwa upole, umwonyeshe vipimo, na ruhusa yake uipate kwa maandishi, kwa sababu nyumba ni yake na ya majirani wote walio upande upepo unakoelekea.

Kuiongeza dohani juu ndiyo kazi ninayosema wasiifanye peke yao. Mita mbili za mawe mapya juu ya dohani ya zamani ni mzigo, na kusi inapovuma Juni na Julai husukuma usiku na mchana. Hapo mtafute mwashi anayejua, au fundi wa chuma awawekee bomba la kuta mbili lililojazwa nyuzi za kuzuia joto, lishikwe kwa waya tatu zilizofungwa kwenye zege. Na mtu akikuambia aweke wavu wa matundu madogo juu ili ukamate cheche, kataa. Wavu huo huziba kwa lami, moshi unarudi ndani, na anayeuvuta ni wewe uliye jikoni. Weka kofia ya mvua yenye nafasi pana ubavuni, basi.

Wasomaji wa Lamu wananiuliza haya pia, nami huwakumbusha kwamba wazee wao walikuwa na hekima yake. Kidari cha meko waliweka ghorofa ya juu kabisa, moshi ukatoka bila kupita chumba cha mtu. Mwenye nyumba katika Mji wa Kale, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, asitoboe ukuta wala dari ya boriti kabla ya kwenda kwenye ofisi ya makumbusho kuomba idhini.

Bomba likishawekwa, mjaribu kabla ya kupika. Washa karatasi chache na makumbi machache makavu, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, mtu asimame chumba cha juu na mwingine darini. Moshi utoke juu tu. Kisha rudieni na feni ya kutolea hewa jikoni ikiwa imewashwa, kama mnayo. Ikiurudisha moshi, feni hiyo isitumike jiko likiwaka. Ukutani pawe na tundu la hewa la kudumu, upana wa kiganja, lisilozibwa hata wakati wa mvua. King'ora cha kaboni monoksidi wekeni viwili, kimoja jikoni na kimoja chumba cha juu.

Na kila asubuhi, kwa sababu ya zile paskali 5 nilizokwambia, usianze na gogo. Anza na moto mdogo wa vijiti vikavu, mlango wa hewa ukiwa wazi kabisa, kwa dakika kumi, bomba lipate joto. Ndipo utie kuni za kuokea.

Kuni zenyewe zinaweza kuiharibu kazi yote hii. Ukiwa na kuni yenye maji asilimia 40, katika kila kilo unatia jikoni gramu 400 za maji, na joto lako linaishia kuyachemsha. Unataka chini ya asilimia 20. Wewe ni mwokaji, una mizani na una oveni, hivyo hesabu ni rahisi: pasua kuni, kata kipande cha gramu 500 kutoka katikati, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 na kitu mpaka kisipungue tena. Kikiwa na gramu 400 au zaidi, kuni hizo ziko tayari. Mvinje ni kuni nzuri, huwaka kwa joto kali na tunao, ila pasua na uuanike chini ya paa miezi sita angalau. Mkwaju nao ni mzuri.

Usichome mbao zilizookotwa ufuoni, wala mbao za jahazi lililovunjwa, wala mikoko. Chumvi iliyomo ndani yake, ikiungua, hutoa kloridi, na hiyo ndiyo inayotoboa stenlesi, hata 316. Makumbi ya nazi nayo yana chumvi yake. Kidogo cha kuwashia hakina neno, lakini usiyafanye kuni za kila siku. Mbao za rangi zisiingie jikoni kabisa, utakuwa unamlisha mtu rangi kwenye boflo.

Kwa biashara ya kila siku, safisha kila mwezi mpaka ujue jiko lako linatoa nini. Tumia brashi ya plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa bomba la stenlesi, ile ya chuma inakwaruza na mkwaruzo ndio mlango wa kutu. Masizi yakiwa unga mkavu, mnaenda vizuri. Yakiwa magamba yanayong'aa, kuni mbichi au hewa ndogo. Na kabla ya masika, mwishoni mwa Machi, safisha hata kama ulisafisha juzi, kwa sababu masizi yakinyonya unyevu wa mvua hugeuka asidi na kulila bomba likiwa limelala.

Ikitokea ukasikia dohani inanguruma kama lori na bomba linatetemeka, funga mlango wa jiko na matundu yote ya hewa, toa watu nje, piga simu ya zima moto, kisha mwagia maji makuti. Usimwage maji ndani ya dohani; mvuke wake utapasua kila kitu na kumuunguza aliye karibu.

Niandikie vile vipimo vitatu vya darini, na picha ya mahali banda linapokutana na dohani. Bomba msilinunue mpaka nikujibu, kwa sababu kama kilele cha banda kiko juu, urefu utabadilika, na bomba la kupindika haliungwi katikati.